Desibeli ngapi, upepo ukiwa na kasi gani?

Kazi yangu ni kupima kelele. Mradi wa umeme wa upepo ukifikishwa barazani, hakosi mzee wa kuuliza: "Injinia, hizo feni zikianza kuzunguka, tutalala?" Mwenye mradi humjibu kwa namba moja ya desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. Hapo ndipo mimi huanza kukuna kichwa.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, huruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana, na 35 usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa baa, zinatosha: muziki ukizimwa, kelele imekwisha. Mtambo wa upepo huvuma zaidi kadiri upepo unavyozidi, na upepo huohuo hutikisa miti na mabati. Kipima sauti hakibagui, hurekodi vyote. Usiku wa upepo mkali, shamba la mahindi peke yake laweza kuivuka hiyo 35 kabla hata nguzo moja haijasimikwa.

Denmark hupima kwenye kasi mbili, mita 6 na mita 8 kwa sekunde. Nyumba iliyo mashambani isifikiwe na zaidi ya desibeli 42 na 44. Mtaa wa makazi, 37 na 39. Umbali nao usipungue mara nne ya urefu wa mtambo, panga (bawa la feni) likiwa wima juu: wa mita 150 ukae mita 600 kutoka nyumbani kwa mtu. Bavaria, Ujerumani, mwaka 2014 walitaka mara kumi, na maombi mapya yakakauka. Mimi naona walipitiliza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni bonde. Chukua vilima kama vya Ngong, karibu na Nairobi, palipo na mitambo tangu 1993. Usiku hewa ya chini hutulia, jani halitikisiki, kumbe kileleni upepo unavuma na mapanga yanazunguka. Hakuna cha kuifunika ile fwuu, fwuu. Aliyepima saa nane mchana hakuisikia. Ndiyo maana mimi huacha kipima sauti uani kwa wiki kadhaa, huku mlingoti wa kupima upepo ukiwa juu kilimani, halafu nasoma saa kwa saa.

Basi mzee wangu, ukiletewa ripoti, tafuta safu ya kasi ya upepo kando ya kila desibeli. Kama haipo, warudishie.