Tekila na mkonge ni ukoo mmoja: ushauri wa mtu wa kaunta kabla hujaketi kwenye mgahawa wa Kimeksiko

Mwezi wa Mei ukikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa Waswahili wenzangu wa hapa Texas. Wamepanga kwenda mgahawa wa Kimeksiko tarehe 5, siku ya sherehe ya Cinco de Mayo, wanataka kujua waagize nini, na karibu wote wana swali moja: "Kaka, tekila gani haiumizi kichwa asubuhi?" Mimi kazi yangu ni kuchanganya vinywaji kwenye kaunta ya mgahawa wa aina hiyo Houston. Jibu langu huanzia kwenye chupa na kuishia kwenye sahani, maana wengi huiharibu jioni yao kwa kunywa kwanza na kukumbuka chakula baadaye.

Kwanza chupa. Tekila, pombe kali ya Meksiko, hutokana na agave ya buluu, mmea ambao mtu wa Tanga akiuona shambani ataapa kuwa ni mkonge. Hatakuwa mbali na ukweli. Mkonge nao ni agave, na asili yake ni Meksiko. Richard Hindorf, Mjerumani, ndiye aliyeagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Sisi tukayataka majani kwa ajili ya nyuzi; wao majani huyaacha shambani. Mvunaji, anayeitwa jimador, hushika koa, chuma cha duara chenye makali na mpini mrefu, akauchonga mmea mpaka libaki bonge la katikati, piña, ambalo kilo 30 au 40 kwake ni jambo la kawaida. Mmea wenyewe huwa umesubiriwa miaka sita, saba hivi. Bonge hilo huokwa ili wanga wake ugeuke sukari, husagwa, maji yake huchachushwa, kisha huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara mbili.

Hapo kwenye kuoka ndipo ubora unapoanza kupishana. Tanuri la matofali huchukua siku kadhaa. Mtungi wa mvuke wa shinikizo humaliza kazi kwa saa chache. Na kuna viwanda vinavyotumia difusa, mashine inayokamua sukari kwa maji hata kabla agave haijapikwa. Zote hizo kisheria ni tekila. Ukionja mfululizo, ya tanuri ina utamu wa kitu kilichoiva kwa moto, ya difusa huwa kama pombe iliyopitishwa karibu na agave.

Sasa swali la kichwa. Tafuta maneno "100% de agave" kwenye lebo. Yasipokuwepo, sheria ya Meksiko inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari itoke kwingine, na mara nyingi ni ya miwa. Hizo ndizo chupa za bei ya chini zinazomiminwa kwenye toti za ofa. Pembeni kuna herufi NOM na tarakimu nne: ni namba ya kiwanda. Chupa mbili zenye majina tofauti na bei tofauti zinaweza kuwa na namba ile ile, maana kiwanda kimoja hutengenezea kampuni nyingi. Mimi husoma namba hiyo kabla ya kusoma jina. Hata hivyo, hakuna tekila yenye kinga. Ukinywa nyingi kichwa kitakuuma, hata kama chupa ilikugharimu dola mia.

Hata hiyo ya agave tupu inaweza kutiwa rangi ya karameli, dondoo la mwaloni, gliserini na shira ya sukari, mradi jumla isizidi asilimia moja. Tekila ikikunukia vanila kama keki ya harusi, shuku. Kuhusu umri: blanco haijakaa kwenye pipa, au imekaa chini ya miezi miwili. Reposado imekaa angalau miezi miwili, añejo mwaka, na extra añejo miaka mitatu. Wateja hudhani kadiri inavyozeeka ndivyo inavyopanda daraja. Mimi nasema pipa huongeza ladha ya mti na kupunguza ya mmea. Anayependa wiski achukue añejo. Anayetaka kuijua tekila aanze na blanco.

Yule mdudu anayesemekana kuwekwa ndani ya chupa, na hili huulizwa kila wiki, hayumo kwenye tekila. Humkuta kwenye baadhi ya chupa za mezcal, kinywaji kingine cha agave, cha jimbo la Oaxaca na kwingineko, chenye harufu ya moshi kwa sababu agave yake huokwa shimoni. Tekila yenyewe hairuhusiwi kutoka popote ila jimbo zima la Jalisco na sehemu za Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas.

Chumvi na ndimu? Kazi yake kubwa ni kuficha tekila mbaya. Ukipewa nzuri, inywe kidogo kidogo, na pembeni omba sangrita, kiglasi cha maji ya machungwa au nyanya yenye ndimu na pilipili. Unapiga funda huku, unapiga funda kule. Margarita nayo ni tekila, maji ya ndimu na likeri ya machungwa, basi. Ile ya barafu laini inayozunguka kwenye mashine ni uvumbuzi wa Texas: mwaka 1971 Mariano Martinez wa Dallas alibadilisha mashine ya aiskrimu, na leo mashine hiyo imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian. Siidharau, joto la hapa nalijua. Ila muulize mhudumu kama ndimu inakamuliwa hapohapo au ni ya chupa. Ikiwa ya chupa, agiza bia.

Tuje kwenye sahani, na onyo la kwanza ni lile bakuli la chipsi za mahindi na salsa linalowekwa mezani bure. Ukilimaliza, chakula chenyewe utakifungashia nyumbani.

Kinachonisisimua kwenye chakula hiki ni unga. Mahindi yetu asili yake ni Meksiko, lakini tulipoyapokea hatukupokea maarifa yake. Wao huchemsha punje kwa maji ya chokaa, huziacha usiku kucha, huondoa ganda, ndipo husaga. Chokaa hufungua vitamini ya naiasini ambayo kwenye unga wa kawaida mwili hauipati. Ndiyo maana pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, iliwatesa maskini wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuwa wakila unga wa mahindi karibu peke yake, huku vijiji vya Meksiko vikila mahindi kwa maelfu ya miaka bila ugonjwa huo. Tortilla, chapati yao nyembamba, ikiwa nzuri na ya mahindi utaijua kwa harufu: kuna chokaa kidogo ndani yake, kama ukuta uliopakwa juzi.

Tortilla ya ngano, fajita (vipande vya nyama ya kuchoma) na jibini ya njano iliyomwagwa juu ya kila kitu ni mapishi ya mpakani, ya Texas na kaskazini mwa Meksiko. Nayala bila aibu. Ila ukiona kwenye menyu taco al pastor, na ukaona mnara wa nyama ukizunguka mbele ya moto, agiza. Aliyeishi Muscat au Mombasa ataujua: ni shawarma, iliyoletwa na wahamiaji wa Lebanoni. Wenyeji wakaweka nguruwe badala ya kondoo, pilipili kavu, na nanasi. Hiyo inataka blanco. Mole ya Puebla, mchuzi mzito wa pilipili kavu, viungo na chokoleti kidogo, naona inakwenda vizuri zaidi na reposado.

Kwa ndugu zangu Waislamu, nguruwe hayuko kwenye pastor na carnitas, nyama yake iliyopikwa kwa mafuta, tu. Maharage ya kuponda, tamales (unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda) na hata tortilla za ngano mara nyingi hutiwa mafuta yake. Uliza: "¿Lleva manteca?", yaani, ina mafuta ya nguruwe? Mhudumu hatashangaa. Kinywaji chenu kipo na hakina ugeni: agua de tamarindo ni juisi ya ukwaju, na agua de jamaica ni rosela. Mimea yote miwili ni ya Afrika, ilivuka bahari ikapata uraia.

Na sherehe? Tarehe 5 Mei siyo uhuru wa Meksiko. Ni siku ya mwaka 1862 ambapo jeshi la Jenerali Ignacio Zaragoza liliwashinda Wafaransa wa Napoleon III mjini Puebla. Zaragoza mwenyewe alizaliwa mwaka 1829 mahali panapoitwa leo Goliad, Texas, saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka hapa, enzi hizo ikiwa ardhi ya Meksiko. Mwaka uliofuata Wafaransa walirudi na kuichukua Puebla. Nchini Meksiko siku hiyo huadhimishwa zaidi Puebla kwenyewe. Kelele kubwa ni za huku Marekani, na kampuni za pombe zimezichochea vya kutosha.

Kama unaweza kuchagua, njoo usiku wa tarehe 15 Septemba. Hapo ndipo hukumbukwa mwito wa uhuru wa padri Miguel Hidalgo wa mwaka 1810, na familia za Kimeksiko hujaa zenyewe, na bibi na watoto. Mariachi, wanamuziki wao, wakipita mezani, ulizeni bei kwanza. Mara nyingi hulipwa kwa kila wimbo. Jikoni kuna pozole, supu ya mahindi na nyama, na kwa wiki chache tu hupatikana chiles en nogada: pilipili kubwa ya kijani iliyojazwa nyama na matunda, mchuzi mweupe wa jozi juu, punje za komamanga zikimaliza rangi za bendera. Piga simu mchana uwekewe, kwa sababu kufika saa mbili usiku huwa zimekwisha.