Benchi la kuinukia

Ukitaka kujua kama benchi la mtaani linamfaa mzee, usimwangalie anavyokaa. Aliyechoka hata jiwe atalikalia. Mwangalie anavyoinuka. Kwanza anajisogeza mpaka ukingo wa mbele. Anarudisha miguu nyuma, visigino vipite nyuma ya magoti. Anainamisha kifua mbele, anashika kitu pembeni, anajisukuma. Karibu vipimo vyote vya benchi vinatoka kwenye mwendo huo mmoja. Benchi likikosea hata kimoja, mwenye magoti mabovu atalipita akiwa anatweta, kwa sababu anajua akikaa pale atatafutiwa watu wa kumnyanyua.

Tuanze na kimo. Kwa benchi la kawaida naomba sentimita 45 hadi 48 kutoka ardhini hadi sehemu ya kukalia. Viwango vya ADA, sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, vinataja inchi 17 hadi 19 kwa mabenchi, yaani takriban sentimita 43 hadi 48. Viti vingi vya magurudumu navyo viko karibu na hapo, kwa hiyo anayehama kutoka kitini kwenda benchini hapandi sana wala hashuki sana. Chini ya sentimita 40 magoti yanakuwa juu kuliko nyonga, na kuinuka kunakuwa kazi ya mapaja peke yake. Ukizidisha sana nako, mtu mfupi ananing'iniza miguu, ukingo unambana nyuma ya mapaja na ganzi inaingia. Hakuna kimo kimoja kinachowatosha wote. Penye mabenchi matatu, ningefanya moja lifike sentimita 50 au zaidi kidogo kwa wale ambao nyonga zao hazikunji vizuri. Kituoni pa basi huongezwa boriti ya kuegemea makalio, kimo chake kama sentimita 70, kwa asiyeweza kushuka hadi kukaa kabisa. Boriti hiyo ni nyongeza tu. Wapo wanaoiweka ili waondoe benchi, na hapo mzee anakuwa amepoteza.

Kina, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi nyuma ya sehemu ya kukalia, sentimita 40 hadi 45 zinatosha. Sehemu ya kukalia iinamie nyuma kidogo sana, tofauti ya sentimita mbili hivi kati ya mbele na nyuma, ili mtu asiteleze. Ikizidi hapo linageuka shimo. Yale mabenchi ya bustani yaliyolala nyuma kama kiti cha ufukweni ni matamu kwa kijana mwenye kitabu, lakini kwa bibi wa miaka 80 ni mtego.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni benchi la zege au matofali lililozibwa chini. Ni imara, ni rahisi kujenga, halihitaji rangi. Ila visigino havina pa kurudi, na miguu ikibaki mbele uzito wa mwili haupiti juu yake hata mtu ajitahidi vipi. Jaribu mwenyewe kwenye kiti chochote: nyoosha miguu mbele, halafu inuka bila kuirudisha. Chini ya ukingo wa mbele pawe na uwazi wa angalau sentimita 15 kuelekea nyuma. Kama zege limeshamwagwa na hakuna wa kulibomoa, mbao za kukalia zinaweza kufungwa juu yake zikatokeza mbele kwa kiasi hicho. Kumbuka tu kwamba mbao hizo zinaongeza kimo.

Mikono ya benchi ndiyo inayobeba kazi, na ndiyo inayotengenezwa ovyo. Iwe juu ya sehemu ya kukalia kwa sentimita 20 hadi 25, na ifike mpaka ukingo wa mbele, maana mtu anapoihitaji ameshasogea mbele. Mkono unaoishia katikati haumsaidii. Bomba la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 3.5 hadi 4.5 linashikika hata na vidole vyenye baridi yabisi; bati bapa halishikiki. Mkono ufungwe kwenye fremu kwa bolti inayopenya hadi upande wa pili. Ukifungwa kwa skrubu kwenye mbao, mtu mzito akiuegemea kila siku skrubu zitang'oka, tena zitang'oka wakati ameshauamini.

Sasa pana mvutano. Mwenye magoti mabovu anataka mkono, na anayehama kutoka kiti cha magurudumu anataka upande usio na mkono. Kwenye benchi la sentimita 180 hili linatatulika: mkono mmoja mwisho wa kulia, mwingine sentimita 60 kutoka mwisho wa kushoto, na kipande kile cha kushoto kinabaki wazi. Zaidi ya hapo sioni sababu. Mikono iliyopangwa kila baada ya nusu mita haikuwekwa kwa ajili ya mzee. Imewekwa ili mtu asilale, na inamfungia nje mnene pamoja na mama anayetaka kukaa karibu na mtoto anayemtunza. Benchi la zege la Camden lililoanza kuwekwa London mwaka 2012 ndilo hutajwa sana kwenye mjadala huu: limechongwa mishazari kuzuia kulala na michezo ya ubao wa magurudumu, halina egemeo la mgongo wala mikono.

Ubavuni mwa upande ule wazi acha sakafu tambarare ya sentimita 90 kwa 130 kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Iwe kwenye mstari wa benchi, ili aliyemo awe bega kwa bega na wenzake badala ya kuwekwa mbele yao katikati ya njia. Watu husahau jambo hili na kuweka pipa la taka hapo hapo. Pipa lisogezwe mita kadhaa, harufu na nyuki vikae huko.

Mahali pa kuliweka huamuliwa kwa miguu. Mwongozo wa Uingereza uitwao Inclusive Mobility unashauri viti visiachane kwa zaidi ya mita 50 penye waenda kwa miguu wengi. Mitaa mingi haiwezi kufika hapo kwa mkupuo mmoja, basi chagua njia moja inayotumika sana, kwa mfano ya kwenda kliniki au sokoni. Itembee na wazee wawili watatu, pamoja na mtu wa mkongojo, ukiwa na chaki. Kila wanaposimama, wanapoegemea ukuta au kushika mti, piga alama. Usiwaulize kwanza kama wamechoka, wengi watakujibu hapana. Alama zitajikusanya penyewe: kabla ya kivuko, katikati ya mlima, na juu kabisa unapoisha.

Mlimani pana hesabu ambayo mafundi wengi huiruka. Njia ikipanda sentimita 5 kwa kila mita, benchi la sentimita 180 linapata tofauti ya sentimita 9 kati ya mwisho na mwisho. Ukilisawazisha kwa kufupisha miguu ya upande mmoja, huku kimo kitakuwa 43, kule 52. Ukiliacha lifuate mteremko, waliokaa watasukumana kuelekea chini. Dawa ni kuchimba na kumwaga jukwaa tambarare la zege, likiwa na mwinamo mdogo usiozidi sentimita 2 kwa mita ili maji yatoke.

Upana wa njia unaobaki upimwe kuanzia kwenye vidole vya miguu ya waliokaa. Mtu aliyekaa anatokeza kama sentimita 60 mbele ya benchi, kwa hiyo toa hizo kwanza, halafu hakikisha zimebaki sentimita 180 za kupita. Mgongo wa benchi uelekee ukuta au uzio, uso uelekee watu. Hakuna anayetulia magari yakimpita kisogoni. Kwa asiyeona, mabenchi yote yawe upande mmoja wa njia, na miguu ya pembeni ishuke hadi sakafuni ili fimbo nyeupe iigonge kabla goti halijagonga mbao. Rangi itofautiane wazi na sakafu, maana mwenye uoni hafifu halioni benchi la kijivu juu ya zege la kijivu. Kivuli kikaguliwe saa ile watu wanapopita. Mti unaolifunika benchi asubuhi unaweza kuliacha juani mchana wote, na chuma kikishapata moto hakikaliki.

Kufunga si kazi ngumu: bolti nne za milimita 12, chuma cha pua au kilichochovywa zinki, zege liachwe siku saba kabla ya kukaza. Mabomba ya fremu yatobolewe tundu dogo chini, la sivyo maji yaliyoingia yatayaozesha kutokea ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa.

Kuna hitilafu moja inayokuja baadaye, wakati kila mtu ameshalisahau benchi. Njia inakarabatiwa, inapata tabaka jipya la sentimita 5, na fundi analimwaga kuzunguka miguu ya benchi bila kuligusa. Benchi lililokuwa 45 sasa ni 40. Hakuna kilichovunjika na hakuna malalamiko, ila wazee wanaacha kulikalia. Ndiyo maana kwenye ukaguzi wa kila miezi sita, baada ya kuuegemea kila mkono kwa uzito wote wa mwili, natoa tepu na kupima kimo upya, na kazi yoyote ya sakafu naitaka iandikwe kwenye mkataba kwamba mabenchi yatafunguliwa kwanza na kurudishwa juu ya tabaka jipya.