Je, wajua kwa nini mwimbaji husikika katikati ya spika mbili?

Wimbo uliorekodiwa kwa stereo unapopigwa kwenye spika mbili zilizopangwa vyema, sauti ya mwimbaji husikika katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Sababu ni kwamba spika zote mbili hutoa sauti yake kwa nguvu ileile, na zinapomfikia msikilizaji kwa wakati mmoja, ubongo huzichukulia kuwa sauti moja inayotoka mbele yake. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa namna hii mwaka 1931.

Ubongo ni mwepesi mno wa kutambua tofauti ya muda. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo spika moja ikiwa karibu nawe zaidi kwa sentimita 34 tu, sauti yake hutangulia kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hilo latosha kumvuta mwimbaji upande huo. Kwa hiyo kamba ya kupimia umbali kutoka kila spika hadi kichwani pako ina faida kubwa kuliko waya wa bei ghali. Anza na pembetatu ya pande sawa: spika zikiachana mita 2, keti mita 2 kutoka kila moja.

Pembe nayo ina uzito wake. Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, nalo husambaa chumba kizima. La hezi 10,000 halizidi sentimita 4, nalo huelekea mbele kama mwanga wa tochi. Ndiyo maana twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, hufaa kiwe usawa wa masikio, na boksi ligeuzwe kidogo kumwelekea msikilizaji. Sikiliza matoazi: yakichoma masikio, geuza spika nje kidogo, yakififia, zirudishe ndani.

Pembeni mwa chumba ni mahali pabaya zaidi, kwa kuwa kuta mbili na sakafu huongezea besi nguvu hadi maneno ya wimbo yafunikwe. Spika nyingi hunufaika zikisogezwa mbele kiasi cha nusu mita kutoka ukutani. Kisha weka taarifa ya habari: sauti ya msomaji ikitanda au ikiegemea upande mmoja, pima umbali upya.