Kinanda kwenye taarabu si kinanda cha kwaya

Vijana wengi wanaoingia bendi za taarabu wakitokea kwaya wana vidole vyepesi. Wanashika noti tatu kwa pamoja, wanazigeuza vizuri, hawapotei. Lakini wakizipiga noti hizo hivyo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, wimbo unapoteza utaarabu wake, na wao hawaelewi kwa nini.

Sikiliza Ikhwani Safaa, klabu ya Unguja iliyoanzishwa 1905. Fidla kadhaa zinapiga melodi moja, na udi, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa), nai (filimbi ya mwanzi) na akodiani zinaifuata melodi hiyo hiyo, kila ala ikiipamba kivyake. Miaka ya 1990, taarabu ya kisasa iliposhika kasi na makundi kama East African Melody, watu jukwaani walipungua na sehemu kubwa ya safu ile ikaangukia kwenye kinanda. Hiyo ndiyo kazi tuliyorithi: kuibeba melodi.

Kwa hiyo mkono wa kulia ufikirie upinde wa fidla. Sauti ya nyuzi kwenye kinanda hufunguka polepole, hivyo ukibonyeza sawasawa na pigo la dramu utasikika umechelewa. Tangulia kidogo sana. Ukichagua sauti ya akodiani, tumia pedali ya kupandisha na kushusha sauti, maana akodiani ya kweli huvuta na kusukuma hewa, haikai kiwango kimoja.

Halafu kuna kumjibu mwimbaji, na hapa ndipo ninapompima mpiga kinanda. Mshororo ukiisha, rudia mkia wa melodi yake kwa ufupi, kisha nyamaza kabla hajaanza unaofuata. Mama aliyepanda kutunza amefuata neno lililomgusa, na ukilifunika neno hilo umemdhulumu yeye na mwimbaji.

Robo toni, yaani nusu ya nusu toni, nayo inataka maandalizi. Kinanda cha kawaida kimegawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti). Maqam (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast ikianzia C inataka E na B zishushwe kwa takribani senti 50. Vinanda vingi vina sehemu ya kurekebisha ngazi, na Yamaha na Korg wametoa vilivyotengenezwa mahsusi kwa muziki wa Kiarabu. Rekebisha kabla wimbo haujaanza. Ukishashusha E, usishike C, E na G pamoja, na mwombe mpiga gitaa la solo aikwepe E yake, kwani freti zake (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) haziwezi kuishusha hivyo. Nyimbo nyingi za sasa zimezihama maqam hizi kabisa. Inaniuma, kwa sababu ladha ile haipatikani kwingine.

Mkono wa kushoto upunguze. Kinanda chenye vitufe 61 kwa kawaida huanzia C ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 65 hivi, na gitaa la besi lenye nyuzi 4 huanzia E ya hezi 41. Ukishuka chini kabisa mnagombania chumba kimoja, na ukumbini watu watasikia mngurumo tu. Besi akiwepo, kaa juu yake.

Na siku bendi ikimpata mpiga fidla wa kweli, zima sauti ya nyuzi. Mwachie melodi, wewe chukua akodiani umfuate.