Maji ya Mvua Nakuru: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Mtaro wa barabarani hupeleka maji kwenye mtambo wa kusafisha majitaka.

Hii ndiyo dhana yenye madhara zaidi, kwa kuwa anayeiamini humwaga chochote mtaroni bila wasiwasi. Mji wa Nakuru una mifumo miwili tofauti. Majitaka ya nyumba zilizounganishwa hupita katika mabomba hadi kwenye mitambo ya kusafisha, ilhali maji ya mvua hushuka mitaroni kutoka miteremko ya mlima wa volkeno wa Menengai, yakapita katikati ya mitaa na kuelekea Ziwa Nakuru. Hata penye wavu au bwawa la kunasa takataka njiani, kinachobaki hapo ni chupa na mchanga. Vijidudu vya vyoo vya shimo vilivyofurika na mbolea iliyoyeyuka majini huendelea na safari.

Dhana: Mvua kubwa huusafisha mji.

Mvua huuhamisha uchafu tu. Tazama gereji yoyote ya jua kali baada ya kiangazi: udongo umekuwa mweusi kwa oili iliyomwagwa wakati wa kubadilisha oili ya injini, na mvua ya kwanza ikianza, utando wenye rangi za upinde wa mvua huonekana juu ya maji kabla hata mtaro haujajaa. Maji hayo ya mwanzo mara nyingi ndiyo machafu kuliko yote, kwa sababu hukusanya kwa pamoja vumbi la breki na matairi, kinyesi cha mifugo na taka za sokoni zilizorundikana kwa wiki nyingi. Kwa hiyo kufagia barabara na kuzoa taka kabla ya mvua ni kazi ya kulinda ziwa, wala si ya kupendezesha mji peke yake.

Dhana: Ziwa ni kubwa, na sasa limejaa, hivyo uchafu utapotea humo.

Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia Ziwa Nakuru, lakini hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji hupungua hasa kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui zinki, shaba wala risasi. Metali hizo hutua na kukaa katika tope la chini. Ni kweli kwamba kina cha ziwa kimeongezeka sana tangu miaka ya 2010, ila maji mengi huzimua uchafu bila kuuondoa. Ziwa hili liliorodheshwa mwaka 1990 kuwa ardhioevu ya kwanza ya Kenya yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na ndege wake aina ya heroe hula mwani mdogo mno ambao wingi wake hutegemea hali ya maji yenyewe. Kwangu mimi, hoja ya ukubwa wa ziwa haifai kusikika tena katika mkutano wowote wa mipango ya mji.

Dhana: Dawa ni kupanua mitaro na kuijenga kwa zege.

Zege huharakisha maji, na maji yaendayo kasi hubeba uchafu mwingi zaidi na kuwafurikia walio bondeni. Kinachosaidia ni kuyapunguza mwendo: matangi ya kukinga maji ya paa, mitaro yenye nyasi mahali penye mteremko mdogo, na mabwawa ya kuyatuliza ili tope litue. Hata hivyo, udongo wa Nakuru ni wa kivolkeno na sehemu zake zina nyufa ambazo zimewahi kutitia baada ya mvua kubwa. Mashimo ya kuyanyonyesha maji ardhini yasichimbwe bila ukaguzi wa mtaalamu, wala karibu na gereji au choo. Wenye gereji nao wakusanye oili chafu kwenye pipa lenye kifuniko na kuwakabidhi wakusanyaji wenye leseni.

Mitaro izibuliwe kabla ya masika ya Machi, na tope lililochimbuliwa lisombwe siku hiyohiyo, kwa sababu likiachwa kando ya mtaro, mvua inayofuata hulirudisha lote ndani.