Nina VVU: Je, Nizae?

Pua ya babu hurithiwa. Virusi vya UKIMWI havirithiwi. Wengi wanaojiuliza kama wazae wakiwa na VVU wamekwama hapo: wanaamini virusi vimeshajiandika kwenye damu ya ukoo, na kwamba mtoto atatoka navyo kama atakavyotoka na rangi ya macho ya mama yake. Sivyo. Mtoto huambukizwa, kama mtu mwingine yeyote anavyoambukizwa, na maambukizi yanahitaji njia ya kupitia.

Njia hizo ni tatu, na zote ziko kwa mama: ujauzito, kujifungua na kunyonyesha. Baba mwenye VVU hawezi kumwambukiza mtoto aliye tumboni bila kumwambukiza mama kwanza. Mama akiwa salama, mtoto naye yuko salama. Nashangaa jambo hili halisemwi zaidi, maana wapo wanaume waliopokea majibu yao na siku hiyo hiyo wakazika ndoto ya kuitwa baba.

Hata enzi ambazo hakukuwa na dawa, watoto wengi waliponyoka. Kati ya watoto 100 wa mama wenye VVU wasiopata tiba yoyote, wanaoambukizwa ni kati ya 15 na 45, kutegemea zaidi kama wananyonya na kwa muda gani. Wanaponyokaje? Kwa sababu ya kondo la nyuma. Damu ya mama na ya mtoto kwa kawaida hazichanganyiki. Hupita jirani, zikitenganishwa na utando unaopitisha chakula na hewa. Hatari hupanda wakati wa uchungu, mtoto anapopita katikati ya damu na majimaji ya mama.

Mwaka 1994 utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa moja tu, AZT, iliyotolewa kwa mama na kisha kwa mtoto, ilishusha maambukizi kutoka takriban watoto 25 katika kila 100 hadi 8. Leo mtu hamezi dawa moja, humeza mchanganyiko wa ARV, na mchanganyiko huo hufubaza virusi hadi kipimo kishindwe kuviona. Ufaransa walihesabu tena, safari hii kwa watoto waliozaliwa kati ya 2000 na 2011. Wale ambao mama zao walianza ARV kabla ya kushika mimba, hawakuziacha, na walijifungua wakiwa na virusi chini ya 50 katika mililita moja ya damu, walikuwa 2,651. Walioambukizwa kati yao: sifuri. Watoto hao hawakunyonya, na habari ya maziwa nitaifikia.

Yote basi yanategemea wingi wa virusi. Anayetaka mtoto aanze na karatasi ya kipimo hicho kabla ya kuanza kuchagua majina. Ukikutwa na virusi vingi, kinachotakiwa mara nyingi ni subira ya miezi kadhaa: kumeza dawa bila kuruka, kupima tena, ndipo kutafuta mimba. Kama mimba imeshatangulia, dawa huanzishwa mara moja, na kwa mama ambaye virusi vyake bado ni vingi wiki za mwisho, madaktari hufikiria kumfanyia upasuaji kabla uchungu haujaanza.

Na wenza wenye majibu tofauti, mmoja anavyo na mwingine hana, watapataje mimba bila kuambukizana? Zamani njia zilikuwa za kuzunguka. Italia, kuanzia miaka ya 1980 kuelekea 1990, madaktari waliosha manii maabara ili kuzitenga mbegu na majimaji yanayobeba virusi, kisha wakazipandikiza kwa mama. Pale mwenye VVU alipokuwa mwanamke, wenza wengine walitumia bomba la sindano lisilo na sindano kuingiza manii ukeni, nyumbani, siku za rutuba. Njia hizi bado zipo, lakini wengi hawazihitaji tena. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wenza 888 wa Ulaya walioshiriki tendo la ndoa bila kondomu takriban mara 58,000, mmoja wao akiwa na virusi vilivyofubazwa. Watu 11 walipata VVU katika kipindi hicho, ila maabara ilipolinganisha virusi vyao na vya wenza wao, havikufanana hata kimoja. Walivitoa kwingine. (Ugomvi uliofuata nyumbani haukuripotiwa.) Asiye na VVU anayetaka kinga ya ziada anaweza kumeza dawa kinga, PrEP, katika miezi ya kutafuta mimba.

Wapo wanawake wanaoacha ARV wakigundua ni wajawazito, wakihofia kumdhuru mtoto. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana zilidokeza kwamba dolutegravir, dawa inayotumika sana sasa, huenda ikahusiana na watoto kuzaliwa na mgongo wazi, na wanawake wengi walizuiwa kuitumia. Watafiti wakaendelea kuhesabu. Kadiri idadi ya watoto ilivyoongezeka, tofauti ile ilififia, na sasa dawa hiyo inapendekezwa hata kwa wajawazito. Kuiacha ndiko kunakofungua mlango.

Maziwa ni suala gumu zaidi. Kutoambukiza kitandani hakuhamii moja kwa moja kwenye titi: kwa mama ambaye virusi havionekani, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha uko chini ya 1 katika 100, lakini haujafika sifuri. Ndiyo maana ushauri hutofautiana. Penye maji safi na maziwa ya kopo ya uhakika, mama huweza kuambiwa asinyonyeshe. Penginepo kuhara na utapiamlo vingemuua mtoto mapema kuliko VVU, hivyo Shirika la Afya Duniani hushauri mama anyonyeshe huku akimeza dawa, miezi 6 ya kwanza akimpa maziwa yake peke yake. Kuchanganya katika miezi hiyo, titi asubuhi na uji jioni, kumeonekana kuongeza hatari, na inaelezwa kuwa vyakula hivyo hukwaruza utumbo mchanga na kuvipa virusi upenyo. Kwa hiyo bibi mwenye kijiko cha uji, kwa upendo wake wote, ni wa kukaa naye chini mapema.

Mtoto mwenyewe hupewa dawa ya maji kwa wiki kadhaa tangu kuzaliwa. Halafu huja kipimo, na hapa wazazi wengi huzimia bure. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda kupigana na virusi, na kingamwili za mama hupita kwenye kondo zikakaa kwa mtoto hadi karibu miezi 18. Mtoto asiye na virusi kabisa anaweza kusomeka kuwa anavyo. Mtoto mchanga hupimwa kwa matone ya damu, mara nyingi ya kisigino, kutafuta virusi vyenyewe, kuanzia wiki ya 6 hivi au mapema zaidi. Anayenyonya hurudiwa hadi baada ya kuachishwa.

Mengine hayapimwi maabara. Je, nitaishi nimlee? Aliyeanza dawa mapema na anazimeza anaweza kutarajia umri unaokaribia wa watu wengine. Je, nimwambie mwenzangu? Kulea mimba huku unaficha chupa ya vidonge ni mzigo mzito, ingawa najua zipo nyumba ambazo kusema ni hatari kuliko kunyamaza, na hapo mshauri nasaha ahusishwe kwanza. Je, nina haki? Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ilikubaliana na wanawake watatu wenye VVU waliofungwa kizazi bila ridhaa ya kweli; saini zilichukuliwa wakiwa kwenye uchungu au wakielekea kujifungua. Mahakama ilisema uamuzi huo ni wa mwanamke mwenyewe.

Ni wake pia anapoamua kutozaa. Kuwa dawa zinaruhusu mtoto hakumfanyi mtu awe na deni la kumzaa. Ila aulize jambo moja kliniki: kama ARV zake zina efavirenz, kijiti cha uzazi wa mpango hupungua nguvu, kwa sababu dawa hiyo hulifanya ini livunje homoni za kijiti upesi. Wapo walioshika mimba kijiti kikiwa mkononi. Kitanzi na sindano ya miezi 3 havina tatizo hilo.