Viyeyushi vya kijani na hewa ukaa: tunayodhani na yalivyo

Fedha ambazo baadhi ya vijiji nchini hupata kwa kutunza misitu zimeifikisha habari ya hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, hadi vijiweni Dodoma. Kuinasa hewa hiyo kwa kemia ni kazi nyingine kabisa. Moshi hupitishwa kwenye kimiminika kinachonyonya kaboni dayoksaidi, kisha kimiminika hupashwa moto, kikaiachia gesi ikiwa safi na chenyewe kurudi kazini. Kimiminika hicho ndicho kiyeyushi, na huitwa cha kijani kinapodaiwa kuwa rafiki wa mazingira; vijana wetu wanaoipenda sayansi hii wanastahili kuianza wakiwa na picha sahihi.

“Cha kijani hakina madhara.”

Mchanganyiko unaosifiwa sana ni wa kolini kloraidi, ambayo huongezwa kwenye chakula cha kuku, na urea, ileile ya mfuko wa mbolea. Peke yake, urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 na kolini kloraidi kwenye nyuzi zaidi ya 300. Vikichanganywa, kolini sehemu 1 kwa urea 2 kwa hesabu ya moli, vinakuwa kimiminika kwenye nyuzi 12 tu. Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walilieleza jambo hili mwaka 2003. Kimiminika hicho hakivukizi ovyo wala hakishiki moto kirahisi.

Lakini waulize wafugaji wa Chamwino au Mpwapwa: ng’ombe akila urea nyingi anaweza kufa. Tena urea hutokana na amonia, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na kiwanda chake nacho hutoa hewa ukaa. Ukijani hupimwa tangu malighafi hadi mabaki. Na hupimwa kwa kulinganisha: hapa mlinganishwa ni amini, viyeyushi vilivyozoeleka viwandani kwa kunasa gesi hii, ambazo hula chuma na huharibika taratibu zikikutana na joto na oksijeni.

“Malighafi ni ya bei nafuu, basi kazi nzima ni ya bei nafuu.”

Hili ndilo kosa linalopoteza watu wengi. Gharama kubwa iko kwenye joto. Amini iliyozoeleka, monoethanolamini, hutumika ikiwa 30% na maji 70%. Ili iachie gesi hupashwa hadi nyuzi 120 hivi, na sehemu ya moto huo huishia kuchemsha maji tu. Tani moja ya gesi huhitaji takriban gigajuli 3.5 hadi 4. Joto hilo lingetoka kwenye LUKU, zingekwenda yuniti kama 1,000. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kiyeyushi, uliza moto utatoka wapi.

Mchanganyiko wa kolini na urea una mzigo wake pia. Ni mzito kama asali, mnato wake ukizidi wa maji mara mamia. Gesi hupenya polepole na pampu hutaabika. Ukiongeza maji unatiririka vizuri, ila maji yale yale yatadai moto wakati wa kuupasha.

“Lazima tuagize kemikali mpya.”

Magadi yanayolainisha mlenda kwenye vyungu vya Wagogo ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Mmumunyo wa kaboneti hunyonya kaboni dayoksaidi ukawa bikaboneti, na ukipashwa moto huiachia. Wamarekani Benson na Field walitumia ndugu yake, potasiamu kaboneti, kuunda mfumo wa viwandani katika miaka ya 1950, na hadi leo unatumika. Potasiamu hupendwa kwa sababu bikaboneti ya sodiamu huganda mapema. Udhaifu wake ni kunyonya polepole, hivyo huongezewa kichochezi kama glaisini. Ningekuwa nafundisha kemia Dodoma, somo lingeanzia kwenye magadi.

“Hewa iko kila mahali, basi mtambo uwekwe popote.”

Hewa tunayovuta ina kaboni dayoksaidi takriban 0.04% tu. Biogesi ya samadi huwa nayo 35 hadi 40%, na ikiondolewa, gesi inayobaki huwaka kwa nguvu zaidi. Hapo kiyeyushi cha bei nafuu kina kazi ya maana, na samadi kwetu haikosekani. Mapipa ya mvinyo wa zabibu za Hombolo hayakihitaji kabisa: sukari kilo 180 ikichachuka yote hutoa hewa ukaa kilo 88, tayari karibu safi. Inatosha kuikusanya, kuikausha na kuigandamiza.

“Ikishanaswa, imekwisha.”

Ikiingia kwenye soda, inarudi angani chupa inapofunguliwa. Faida ipo pale inapochukua nafasi ya gesi inayochimbwa ardhini, kama ile ya Rungwe. Kuiondoa kweli kunadai izikwe kwenye miamba ya chini sana au igeuzwe jiwe, na kazi hiyo ina gharama yake, nje ya bei ya kiyeyushi.